Giaboksi, oili na kipumulio: istilahi za pikipiki na matumizi yake

Makala hii inaeleza istilahi tatu zinazokwenda pamoja katika miongozo ya pikipiki: giaboksi, oili ya giaboksi, na kipumulio pamoja na mpira wake. Imekusudiwa mfasiri wa miongozo ya viwanda, mwalimu wa ufundi na mwanafunzi wa isimu anayechunguza uundaji wa istilahi. Kila neno linaelezwa kwa kuanzia na kazi ya kitu chenyewe. Sababu ni kwamba sentensi iliyo sahihi kisarufi inaweza kumfanya msomaji atie oili isiyofaa na kuharibu klachi, au azibe tundu ambalo halikupaswa kuzibwa kamwe.

1. Giaboksi

giaboksi nm [i-/zi-] kasha lenye gia na shafti zinazobadili mwendo na nguvu za injini kabla hazijafika kwenye gurudumu.

Neno hili limekopwa na kukubalika katika gereji na katika maandishi. Tafsiri sisisi "sanduku la gia" inaeleweka, lakini fundi hailitumii, na katika mwongozo inamfanya msomaji ashuku kwamba kinazungumziwa kitu kingine. Neno la Kiingereza "transmission" lina mtego zaidi. Kamusi za jumla hulipatia visawe kama upelekaji, urushaji wa matangazo na maambukizi, wala hakuna kimojawapo kinachofaa hapa. Aidha, neno hilo huweza kumaanisha giaboksi peke yake, au mfumo mzima wa kupeleka nguvu kuanzia klachi hadi cheni. Katika maana ya kwanza tumia "giaboksi"; katika maana ya pili tumia "mfumo wa kupeleka nguvu".

Jambo ambalo mfasiri hana budi kulijua kabla ya kuandika neno lolote kuhusu oili ni hili: je, giaboksi ya pikipiki hiyo ina oili yake, au inatumia oili moja na injini? Miundo mikuu ni mitatu.

(a) Muundo wa pamoja. Injini, klachi na giaboksi zimo katika kasha moja na zinatumia oili moja. Ndivyo zilivyo pikipiki nyingi za mipigo minne za bodaboda katika Afrika Mashariki, zikiwamo Honda CG125 na Bajaj Boxer. Klachi yake inaogelea ndani ya oili, na kwa hiyo huitwa klachi ya oili. Katika pikipiki hizi hakuna "oili ya giaboksi" kama kitu cha pekee.

(b) Muundo wa mipigo miwili. Katika pikipiki kama Yamaha DT125 na Yamaha AG100, injini hulainishwa na oili inayoungua pamoja na petroli. Giaboksi na klachi zina oili yake, ambayo haiungui na haichanganyiki na ile ya kwanza. Hapa mwongozo mmoja unazungumzia oili mbili, na kila moja lazima itajwe kwa jina kamili kila inapotokea: "oili ya kuchanganya na petroli" na "oili ya giaboksi".

(c) Muundo wa kutenganishwa. Injini ina oili yake, giaboksi ina yake, na klachi ni kavu. Mfano unaojulikana ni BMW za mfululizo wa R zinazopozwa kwa hewa, zilizotolewa kuanzia 1969 na kuendelea hadi miaka ya 1990. Ndani yake kuna oili ya injini, oili ya giaboksi na oili ya gia za gurudumu la nyuma, na kila moja ina tundu lake la kujazia.

Tanbihi kuhusu neno "boxer". Injini hizo za BMW zenye silinda mbili zinazotazamana pande tofauti huitwa kwa jina hilo katika lugha nyingi. Katika Afrika Mashariki jina hilohilo ni la pikipiki ya Bajaj yenye silinda moja. Mashine hizi mbili hazina uhusiano wowote: moja ni ya muundo (c), nyingine ni ya muundo (a). Maelekezo ya giaboksi ya BMW yakifasiriwa chini ya kichwa "oili ya giaboksi ya Boxer", msomaji wa Morogoro au Kisumu atayachukua kuwa yanahusu pikipiki yake, atatafuta tundu la kujazia ambalo halipo, na asipolipata atamimina oili hiyo katika injini. Mfasiri na ataje kampuni na aina kwa ukamilifu.

2. Oili, mafuta na kilainishi

Maneno haya matatu hayabadilishani katika maandishi ya kiufundi.

mafuta ni neno pana mno: mafuta ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, na kwenye kituo cha kujazia, petroli na dizeli. Dereva akiambiwa "mafuta yamekwisha" hufikiria tangi. Sentensi "ongeza mafuta mpaka yafike kwenye alama" ina utata ambao mwongozo hauwezi kuuvumilia.

oili ndilo neno la gereji na ndilo lifaalo katika mwongozo. Upatanisho wake ni wa ngeli ya i-/zi-: "oili imepungua", "oili hizi mbili zisichanganywe".

kilainishi ni neno la jumla linalojumuisha oili na grisi pamoja. Linafaa katika sheria, viwango na vitabu vya kiada. Lisitumike mahali ambapo msomaji anatakiwa kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

mnato ni sifa ya kimiminika kukinza mtiririko. Mafundi husema "oili nzito" na "oili nyepesi", na usemi huo unaeleweka bila shida. Hata hivyo, mfasiri asiandike "uzito wa oili" palipokusudiwa mnato, kwa kuwa uzito hupimwa kwa mizani na hauhusiani na namba zilizoandikwa kwenye chupa.

3. Kusoma maandishi ya chupa

Namba na herufi za chupa hazifasiriwi, huelezwa. Maelezo yake ndiyo yanayokosewa mara nyingi.

Herufi W. Katika "20W-50" au "75W-90", W inasimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Wako wanaoisoma kama kifupi cha "uzito", na hivyo hupatikana tafsiri "uzito 20 na 50". Sahihi ni kwamba namba iliyo kabla ya W inaonyesha tabia ya oili ikiwa baridi, na namba ya mwisho inaonyesha daraja la mnato wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi.

Mizani miwili tofauti. Viwango vya mnato vinavyotajwa kwa herufi SAE ni vya aina mbili: J300 kwa oili za injini, na J306 kwa oili za gia. Namba za mizani hiyo hazilinganishwi moja kwa moja. Katika nyuzi 100, daraja 90 la oili ya gia lina mnato wa milimita mraba 13.5 hadi 18.5 kwa sekunde. Daraja 40 la oili ya injini ni 12.5 hadi 16.3, na daraja 50 ni 16.3 hadi 21.9. Basi oili ya gia ya 90 haikaribii kuwa na mnato maradufu ya oili ya injini ya 50. Zinakaribiana, na wakati mwingine hulingana. Hoja ya gereji kwamba "90 ni nzito zaidi, kwa hiyo inalinda zaidi" inatokana na kuisoma mizani miwili kana kwamba ni mmoja.

GL-4 na GL-5. Alama hizi za API zinahusu oili za gia na zinaonyesha aina ya kazi. Namba kubwa si daraja la ubora. Oili ya GL-5 ina viungio vingi zaidi vya kuhimili mgandamizo mkali, ambavyo kwa kawaida vina salfa na fosforasi. Inafaa hasa pale ambapo meno ya gia yanasuguana kwa kuteleza huku yakibingirika, kama yalivyo kwenye gia za pembe za magari. Vitabu vya BMW za R zilizotajwa viliagiza oili ya GL-5 yenye daraja SAE 90 kwa giaboksi, kiasi cha lita 0.8 kwa giaboksi ya gia tano. Palipoagizwa GL-4, hata hivyo, isipandishwe kuwa GL-5 kwa kudhani kwamba namba kubwa ni bora, kwa sababu baadhi ya viungio hivyo huweza kula sehemu za jamii ya shaba oili inapopata joto kali.

JASO MA na MB. Hivi ni viwango vya Japani vya oili za pikipiki za mipigo minne, vilivyoanza 1998. MA ni oili inayoiwezesha klachi ya oili kushika bila kuteleza. MB ina msuguano mdogo zaidi na inafaa skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Oili za magari zilizotengenezwa kwa ajili ya kupunguza matumizi ya petroli nazo huweza kuwa na viungio vya kupunguza msuguano. Ni nzuri kwa gari, lakini katika pikipiki ya muundo (a) huenda injini ikanguruma huku pikipiki haiongezi mwendo, kwa kuwa klachi inateleza.

Kutokana na hayo, kanuni ya kuchagua ni fupi. Pikipiki ya muundo (a) hupewa oili ya injini ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa daraja la mnato lililoandikwa katika kitabu chake. Oili ya gia isitiwe humo hata kidogo: haikutengenezwa kuchukua masizi ya injini, na viungio vyake havikukusudiwa klachi. Katika muundo (b), giaboksi ina klachi ndani yake. Kwa hiyo, ingawa jina ni "oili ya giaboksi", kinachoagizwa mara nyingi ni oili ya jamii ya injini yenye daraja kama 10W-30 au 10W-40. Hapa ndipo jina linapopotosha zaidi, kwa maana muuzaji akiombwa "oili ya giaboksi" atatoa ile ya 90. Katika muundo (c) ndipo oili ya gia inapostahili jina lake na mahali pake.

Iongezwe kwamba katika muundo wa pamoja meno ya gia hukatakata molekuli ndefu zinazoipa oili mnato wake. Oili hulegea kadiri pikipiki inavyotembea, hata kama haijapungua. Kwa hiyo vitenzi "kuongeza oili" na "kubadili oili" vitenganishwe kwa uangalifu. Kuongeza hurudisha kiasi, na kubadili hurudisha sifa.

4. Kipumulio

kipumulio nm [ki-/vi-] tundu, bolti au kifaa kinachoruhusu hewa kuingia na kutoka katika kasha lenye oili.

Uundaji wake ni wa kawaida katika Kiswahili: kitenzi pumua, kauli ya kutendea pumulia, kiambishi ki- na kiishio -o, kama vile fungua, fungulia, kifungulio. Neno linabeba maana ya kifaa cha kufanyia tendo, na hivyo ndivyo kilivyo.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Hewa iliyofungiwa katika kasha kwa nyuzi 25 ikipashwa hadi nyuzi 90 huongeza mgandamizo wake kwa takriban asilimia 22. Isipopata pa kutokea, husukuma oili kupita kwenye sili, yaani mipira ya duara inayozuia oili isivuje kandokando ya shafti. Safari ikiisha, kasha likipoa, mgandamizo hushuka na hewa ya nje huvutwa ndani. Kwa hiyo kasha hutoa hewa na kuvuta hewa, na sitiari ya kupumua inastahili kabisa. Mfasiri anayeandika "tundu la kutolea hewa" amesema nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye madhara: kile kinachovuta hewa huweza kuvuta maji.

Istilahi zifuatazo zitofautishwe.

kipumulio na mpira wa kipumulio. Cha kwanza ni kifaa. Cha pili ni mpira unaokiunganisha na mahali pakavu. Kipumulio si lazima kiwe na mpira. Katika BMW za R zilizotajwa, giaboksi hupumua kupitia bolti yenye tundu inayoshikilia waya wa spidomita, nayo hufunikwa na kofia ya mpira. Kofia hiyo ikichanika, maji ya mvua na ya kuoshea hupata njia ya kuingia katika giaboksi. Mfasiri anayeandika "kagua mpira wa kipumulio" kwa mashine hiyo anamtuma msomaji kutafuta kitu kisichokuwapo.

mpira wa kupumulia. Usemi huu una asili nzuri, lakini umekwisha kuchukuliwa na hospitali, kama ilivyo "mashine ya kupumulia". Katika sentensi iliyojitenga, msomaji humwona mgonjwa kabla ya kuiona pikipiki. "Mpira wa kipumulio" hauna utata huo.

mpira wa hewa. Usemi huu haufai kabisa. Kwanza unaweza kueleweka kuwa ni mpira wa kujazia tairi. Pili, pikipiki ya zamani inaweza kuwa na mipira minne myembamba inayoning'inia chini yake: wa kumwagia petroli ya karbureta, wa kutolea mvuke wa betri, wa kupumulia tangi na wa giaboksi. Yote hupitisha hewa au mvuke. Kila mmoja utajwe kwa kitu unachotoka.

kipumulio cha injini na kipumulio cha giaboksi. Cha kwanza hubeba pia gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni, na mara nyingi mpira wake huishia kwenye kasha la chujio la hewa. Cha pili hushughulikia tu kutanuka na kusinyaa kwa hewa. Katika muundo wa pamoja kwa kawaida kimoja hutumika kwa vyote, basi mfasiri asibuni cha pili.

5. Kupitisha mpira wa kipumulio

Kitenzi kifaacho ni kupitisha: "pitisha mpira nyuma ya betri". Kitenzi "kuelekeza" kinataja upande unaotazamwa na ncha peke yake, ilhali kinachohitajika ni njia yote. Nomino yake ni "njia ya mpira". Maelekezo kamili ya njia hiyo, yatakayofaa pikipiki nyingi zenye mpira wa namna hii, huandikwa kama ifuatavyo.

Kwanza, mpira upande juu mara tu unapotoka kwenye kipumulio, ili matone ya oili yanayorushwa na gia yarudi ndani ya kasha.

Pili, usiwe na bonde. Mpira ukilegea katikati na kufanya umbo la herufi U, oili na maji ya ukungu hukusanyika hapo na kuuziba kama kizibo. Uzibe kwa namna hiyo au kwa kukunjwa, matokeo ni yaleyale: sili huanza kuvuja, na fundi hubadili sili nzima bila kutibu chanzo.

Tatu, ukae mbali na ekzosi, cheni, tairi na shoki ya nyuma, nao ufungwe bila kubanwa. Mpira unaoyeyuka au kusagwa hugeuka kuwa tundu lililo chini, mahali penye matope.

Nne, ncha yake iwe juu ya kina cha maji ambacho pikipiki huweza kukivuka, kwa kawaida chini ya kiti au chini ya tangi, na itazame chini ili mvua isiingie. Giaboksi yenye joto inapoingia ghafla katika maji ya mto hupoa kwa kasi na kuvuta. Ncha ikiwa ndani ya maji, kitakachovutwa ni maji.

Tano, ncha isiishie mahali ambapo tone la oili linaweza kuangukia breki au tairi.

Dalili ya maji ndani ya oili ni rangi: oili hugeuka kuwa na weupe, kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hubadilishwa bila kungoja kilomita zilizoandikwa kitabuni, kisha mpira hukaguliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kubadili oili na kuuacha mpira ulivyo ni kuyaalika maji upya.

6. Mifano ya matumizi

Yenye kasoro: "Jaza mafuta ya maambukizi hadi kwenye kiwango."
Iliyo bora: "Jaza oili ya giaboksi hadi ifike kwenye alama."

Yenye kasoro: "Tumia mafuta ya uzito wa 90." (Hakuelezwi ni mizani upi wala ni sehemu gani.)
Iliyo bora: "Katika giaboksi, tumia oili ya gia ya SAE 90 yenye alama ya API GL-5."

Yenye kasoro: "Ziba mpira wa hewa ili maji yasiingie."
Iliyo bora: "Inua ncha ya mpira wa kipumulio cha giaboksi ili maji yasiingie, usiuzibe."

Yenye kasoro: "Elekeza mpira kwenye fremu."
Iliyo bora: "Pitisha mpira kando ya fremu, upande usio na ekzosi, hadi chini ya kiti."

Yenye kasoro: "Badilisha oili ya giaboksi kila unapobadilisha oili ya injini." (Kwa pikipiki ya muundo wa pamoja.)
Iliyo bora: "Oili hii inatumiwa na injini, klachi na giaboksi kwa pamoja. Ukiibadilisha, umebadilisha yote."

7. Neno kwa mfasiri na mwalimu

Istilahi za gereji kwa kawaida hupimwa kwa maswali mawili: je, neno ni fasaha, na je, fundi analifahamu? Mifano iliyotangulia inaonyesha kwamba lipo la tatu: je, neno hilo linataja kitu kilichomo katika mashine hii? "Oili ya giaboksi" ni fasaha na inafahamika kote. Hata hivyo, ni kweli katika BMW, ni kweli kwa namna nyingine katika Yamaha ya mipigo miwili, na haina kinachotajwa katika Bajaj Boxer. Anayelipa gharama ya kosa hilo ni mwenye pikipiki, ambaye mara nyingi ndiye dereva anayeitegemea kwa riziki ya siku.

Kwa hiyo kabla ya kufasiri ukurasa wa oili, tafuta katika kitabu hichohicho ukurasa wa vipimo na uhesabu: zimeorodheshwa oili ngapi, na kila moja inaingia wapi? Idadi hiyo ikishajulikana, majina hupangika yenyewe. Mwalimu naye anaweza kuligeuza hili kuwa zoezi: wanafunzi wapewe maelekezo ya mashine mbili za miundo tofauti, kisha waeleze ni maneno yapi yanayohamishika kutoka mwongozo mmoja hadi mwingine, na yapi yasiyohamishika.

Tazama pia: grisi, klachi, mnato, sili, shafti.